Siku Nilipofukiza Pango la Bibi Jua

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nisipokiri mimi Mama Neema atakiri kwa niaba yangu, na yeye kila akisimulia huongeza gari moja la zimamoto. Yule mwanamke aliyewatoa watu ukumbi mzima kule Croydon, Jumamosi ya mvua, wakasimama kwenye maegesho ya magari na tiketi zao mkononi, wengine hata makoti hawakuwahi kuchukua, alikuwa mimi. Na magari ya zimamoto yalikuwa mawili, si matatu.

Nina uhakika na hesabu hiyo kwa sababu niliandika. Kabla ya kuja huku nilifanya kazi ya uandishi wa habari Unguja kwa miaka sita, na ingawa sasa kazi yangu ni kupanga mafaili ya wagonjwa hospitalini, daftari sijaliacha, naingia nalo popote, arusini, msibani, hata kwa daktari wa meno. Kwa hiyo ninachowaeleza hapa kina saa na dakika zake, na natamani kisingekuwa nazo.

Mwanangu Rahma ana miaka ishirini. Amezaliwa hapa hapa London, Kiswahili anakisikia chote mpaka mafumbo, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, na mimi nilishachoka kugombana naye juu ya hilo. Miaka miwili iliyopita alijiunga na kundi la ngoma za Kijapani linaloongozwa na mwalimu mmoja anaitwa Bi Haruko, mama mfupi, mpole, wa miaka sitini na kitu, ambaye hujawahi kumsikia akipandisha sauti lakini kila mtu anamwogopa. Kundi lenyewe ni mchanganyiko: Wajapani wachache, msichana mmoja wa Kibrazili, mzee wa Kiingereza aliyestaafu posta ndiye mpiga ngoma kubwa, na Rahma wangu. Wanacheza hadithi za kale za miungu ya Japani, hadithi za zamani kuliko misahafu yao, kwa vinyago na filimbi na nguo za mikono mirefu inayofagia chini.

Mara hii walikuwa wanacheza ile ya mungu wa kike wa jua, Amaterasu (mimi nilimwita Bibi Jua, ulimi wangu ulipata nafuu). Kwa ufupi ni hivi. Bibi Jua ana ndugu yake mkorofi, mungu wa tufani, anamfanyia vurugu nyumbani kwake mpaka anaona imetosha, anaingia pangoni, anajifungia kwa jiwe, na dunia nzima inakuwa giza. Miungu wanakutana, wanashauriana, hawajui la kufanya. Mwishowe mmoja wao, mwanamke, anapindua beseni la mbao, anapanda juu yake na kucheza ngoma ya kichekesho, miungu wote wanavunjika mbavu kwa kicheko, na Bibi Jua kule ndani anajiuliza, hivi mimi nimejificha halafu watu wanacheka nini? Anasogeza jiwe kidogo achungulie, anakutana na kioo walichomtundikia, anaona mwanga wake mwenyewe, na hapo wanamvuta nje. Shikeni vizuri hapo kwenye kicheko. Bila kicheko Jua halitoki.

Rahma ndiye aliyepewa kuwa Bibi Jua. Na si hivyo tu: siku hiyo angekuja mama mmoja kutoka kundi kubwa la ngoma, anayechagua vijana wa kufundishwa mwaka mzima, na alikuja mahsusi kumtazama Rahma akitoka pangoni, kwa sababu Bi Haruko alimwandikia barua kumsifu. Mtoto wangu hakulala wiki nzima. Siku mbili kabla aliniketisha jikoni akaniambia, kwa Kiingereza chake cha taratibu kama anazungumza na mgonjwa, kwamba ananiomba kitu kimoja tu: nikae kwenye kiti changu. Nisimsaidie chochote. Nikamwambia mwanangu, mimi nimewahi kukusaidia nini kibaya? Akanitazama tu. (Kuna habari ya keki kwenye sherehe ya skuli yake ya msingi, lakini hiyo haihusiani.)

Basi Ijumaa akaja na ile nguo ya Bibi Jua nimpunguzie pindo, kwa sababu alikuwa anaikanyaga. Ushonaji nauweza. Nikaitoa kwenye mfuko wa plastiki, nyeupe nzuri ya kung'aa, mikono mirefu, na harufu, jamani. Ilikuwa imehifadhiwa chini ya ukumbi wa kanisa fulani tangu kiangazi na ilinuka ukungu kama kabati la marehemu. Nikamwambia Rahma, nguo hii itiwe udi kwanza. Akasema hapana. Nikamwambia hata biharusi masikini hatoki ndani kwao bila nguo kufukizwa, sembuse mungu wa jua. Akasema, Mama, pindo tu.

Nikashona pindo. Lakini usiku kucha pua yangu haikulala. Nikawaza huyo mama anayechagua vijana atamsogelea kumpa mkono, na kitu cha kwanza kitakachomfikia ni uvundo, na Waingereza hawasemi, wanarudi nyuma hatua moja tu na wewe umeshaanguka mtihani bila kujua. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Asubuhi niliweka kwenye mkoba chetezo changu cha umeme (hakina makaa, kwa hiyo, nilijiambia, hakina moto), na kikopo cha udi nilionunua Queensbury kwa Muhindi mmoja aliyezaliwa Unguja, udi wa kupika, ule wenye sukari na manukato, ukishika joto hauachi kutoa moshi hata ukichomoa waya. Na kofia ya plastiki ya kuogea, yenye maua ya waridi. Wenzangu mliopanga nyumba hapa mnaijua kazi yake. Kila nyumba ya London ina kile kidude cha darini kinachopiga kelele kikinusa moshi, na kila mwanamke wa kwetu anayefukiza nyumba yake Alhamisi anajua kukivisha kofia kwanza.

Tulifika Croydon saa nane na nusu mchana, mimi na Mama Neema, jirani yangu wa Thornton Heath, Msukuma wa Mwanza anayefanya kazi ya kutunza wazee na hakuwahi kuona Mjapani akicheza. Nikamwacha mbele anywe chai, nikasema napeleka nguo. Rahma na wenzake walikuwa jukwaani wanafanya mazoezi ya mwisho. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa kitupu. Nikapanda kiti, nikakivisha kidude cha darini kofia, nikachomeka chetezo, nikatundika nguo juu yake, nikatia kipande cha udi. Nguo ikaanza kunukia kama inavyostahiki. Kama ningeishia hapo leo nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, lakini nikasema, ngoja niongeze bonge moja, mikono ni mirefu, nikatia bonge la pili, kubwa, na hapo hapo nikasikia sauti ya Rahma ukumbini anauliza nguo yake iko wapi.

Nilichomoa waya, nikashika chetezo kwa kitambaa, nikatoka kwa mlango wa pili unaotokea nyuma ya jukwaa. Palikuwa na giza. Mbele yangu likawapo kasha kubwa la mbao nyepesi, kimo cha mtu, lenye kijimlango kwa nyuma, na mimi nikaona kasha, kasha la vyombo, basi. Nikafungua, ndani hamna kitu ila mkeka mdogo. Nikaweka chetezo pembeni kabisa, nikafunga, nikarudi chumbani na uso wa mtu aliyetoka kusali. Rahma akaingia, akainusa nguo, akaninusa mimi. Nikamwambia ni manukato yangu. Akavaa, maana waliitwa, na mimi nikaenda kukaa kwenye kiti changu kama nilivyoahidi.

Saa tisa kamili taa zikazimwa. Mama aliyekuja kumtazama Rahma alikaa safu ya mbele, koti la kijani, mvi zilizokatwa fupi, niliandika hivyo. Ngoma ikaanza kupigwa na yule mzee wa posta, filimbi ikaingia, Rahma akatoka, na sitaki kujisifia mtoto wangu lakini Mama Neema alinishika mkono na kuuminya. Ukaja ugomvi na ndugu yake, kinyago chekundu, nywele nyingi. Kisha pazia la nyuma likafunguliwa kuonyesha pango.

Upande wa mbele lilikuwa limefunikwa magunia yaliyopakwa rangi ya jiwe, na nyasi juu, na jiwe la kuzungusha mlangoni. Upande wa mbele lilikuwa pango kweli kweli. Upande wa nyuma, ule nilioujua mimi, lilikuwa kasha lenye kijimlango. Kalamu ilinianguka. Rahma akainua mikono yake mirefu, akaingia ndani, na jiwe likavingirishwa likafunga.

Nikatazama saa: tisa na dakika kumi na nne. Alishaniambia atakaa mle dakika kumi na mbili.

Sasa nieleweni. Rahma alikuwa na pumu utotoni. Ilimwacha akiwa na miaka tisa, lakini mama haachwi na pumu ya mwanawe. Kila nilipoinua mguu nisimame nilisikia kile alichoniomba jikoni: kaa kwenye kiti chako. Nikisimama, naharibu kila kitu mbele ya koti la kijani. Nikikaa, mwanangu anavuta moshi. Nikakaa. Jasho lilinitoka mpaka mtandio ukanishika shingoni. Tisa na kumi na saba, uzi mwembamba wa moshi ukaanza kutoka kwenye ufa wa jiwe, na taa ya buluu ikaupiga, ukapendeza mno, na watu wakavuta pumzi kwa kuvutiwa.

"Hawa wenzetu wanajua," Mama Neema akaninong'oneza. "Hata mawingu wameweka."

Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Baada ya muda kidogo harufu ikatufikia, safu kwa safu, na nikamwona akiinua pua.

"Mama Rahma. Mbona hapa pananukia kama nyumbani kwako?"

Na jukwaani miungu bado walikuwa wanashauriana. Wajapani hawana haraka. Mmoja alitembea kutoka upande huu mpaka ule, hatua moja, ngoma moja, hatua moja, ngoma moja, na mimi naapa mtu angeweza kwenda na tramu mpaka Wimbledon akarudi kabla hajafika. Yule mchezaji wa kichekesho, msichana wa Kibrazili, ndiyo kwanza anapindua beseni lake. Ndipo nikasikia kikohozi. Kimoja, kikavu, cha kubanwa na mkono, kutoka ndani ya jiwe. Hakuna aliyekijua isipokuwa mimi. Ningekijua kikohozi kile hata katika uwanja wa mpira.

Akili yangu (kama ilikuwa bado yangu) ikaniambia: miungu wakicheka, Jua linatoka. Basi wacheke upesi. Na mimi, peke yangu, katika ukumbi wa Waingereza waliokaa kimya wakimtazama msichana aliyekuwa hata hajaanza kuchekesha, nikacheka. Kicheko kikubwa. Vichwa vikageuka.

"Unacheka nini?" Mama Neema.

"Cheka na wewe."

"Kuna nini?"

"Cheka tu, nitakueleza."

Mama Neema ni mtu mwema. Aliachia kicheko cha Kisukuma kilichotoka tumboni, na watu wawili watatu, sijui kwa adabu au kwa woga, wakacheka nasi. Msichana wa beseni akatutazama, akapotea hatua. Nikaona haitoshi. Nikapiga vigelegele, virefu, vya arusi, na Mama Neema akadakia. Mzee wa posta, maskini, akadhani ameruka ukurasa, akaanza kupiga ngoma ya mwisho. Nikawaza, hapo sawa, sasa atatoka. Na ndipo king'ora kilipolia.

Taa zote zikawaka. Sauti ya mashine ikatuamuru tutoke kwa utulivu. Watu wakainuka, kwa utulivu kweli, wanatafuta miavuli. Miungu wakavua vinyago. Jiwe halikusogea.

Mimi sikutoka kwa utulivu. Nilipita mbele ya magoti ya watu, nikamkanyaga mama wa koti la kijani (nililiona lile koti karibu sana), nikapanda jukwaani kiatu kimoja kikabaki chini, nikalisukuma lile jiwe, nalo likaanguka zima zima maana lilikuwa karatasi. Moshi ukatoka wote kwa pamoja. Rahma alikuwa amekaa mkekani, mgongo umenyooka, mkono wa nguo ameuziba puani, macho yanamtoka machozi. Nikamshika nikamvuta nje. Alikohoa, akavuta pumzi, nikasikiliza kifua kwa masikio yangu yote, kilikuwa kizima. Kisha akaniambia, kwa Kiswahili, sentensi nzima ya Kiswahili ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake tangu awe mtu mzima:

"Mama, nilikuomba kitu kimoja tu."

Tukasimama kwenye maegesho ya magari, mvua inanyunyiza, miungu wa Japani wamejifunika makoti ya watu. Magari mawili ya zimamoto, saa tisa na dakika thelathini na tisa. Baada ya robo saa akatoka zimamoto mmoja, mrefu, mkono huu ameshika chetezo changu, mkono huu ameshika kofia ya kuogea yenye waridi. Akamkabidhi meneja wa ukumbi. Meneja akaviinua juu mbele ya watu wote akauliza ni vya nani.

Mama Neema akanibana kiwiko. "Nyamaza," akaninong'oneza. "Hapa nani anakujua?"

Na kweli ningenyamaza. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kutazama upande wa kituo cha basi. Lakini meneja alipoona kimya alimgeukia Bi Haruko, akaanza kumweleza, mbele ya wachezaji wake, kwamba kundi linaloziba vidude vya moshi kwa kutaka moshi wa jukwaani halitapewa ukumbi ule tena, na Bi Haruko, aliyekuwa hajui lolote, akainamisha kichwa kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Rahma alinitazama. Nikainua mkono juu kama mtoto wa skuli.

"Ni changu," nikasema. "Na kofia pia."

Hakuna aliyecheka. Laiti wangecheka. Niliwaeleza kila kitu kwa mpangilio, nguo, ukungu, udi, bonge la pili, na meneja akanisikiliza kama polisi. Bi Haruko ndiye aliyesogea, akaushika mkono wa nguo ya Rahma, akaunusa polepole. Akasema zamani kwao pia walifukiza nguo, waliweka tenga juu ya chetezo na kutandaza vazi juu ya tenga. Nikapata nafuu kidogo. Kisha akaongeza, kwa upole ule ule, kwamba wao walifukizia nyumbani.

Tuliporuhusiwa kurudi ndani koti la kijani halikuwepo. Nililiona likipanda basi, na Rahma aliliona vilevile. Waliobaki, kama nusu, walichezewa upya tangu mwanzo. Mimi meneja aliniomba nibaki kwenye ukumbi wa nje, kwenye kiti karibu na mlango, na mkoba wangu nikamkabidhi. Nikasikia ngoma, nikasikia beseni likikanyagwa, nikasikia watu ndani wakicheka kicheko cha kweli, na kisha makofi. Kwa hiyo nilijua ametoka pangoni. Sikumwona.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Lile kundi kubwa lilisema mwaka huu nafasi zimejaa, ajaribu mwakani. Wiki zote hizo Rahma alizungumza nami mambo ya friji na ufunguo tu. Siku ya barua nilimkuta jikoni nikamwomba radhi, si ile ya haraka ya maegeshoni, ile ya kukaa. Halafu nikamuuliza swali lililokuwa likinila, kwa nini hakutoka, kijimlango cha nyuma kilikuwa karibu na mgongo wake, na king'ora kililia. Akakizungusha kikombe chake mezani.

"Niliponusa nikajua ni wewe," akasema, kwa Kiswahili tena, cha kutafuta maneno. "Nikitoka na moshi, wote watajua. Nikasema nivumilie, labda utakwisha."

Mtoto alikuwa ndani anavumilia nisiumbuke, na mama yake yuko nje anapiga vigelegele.

Mwezi uliopita walicheza tena, ukumbi mwingine. Ijumaa jioni Rahma alirudi na ile nguo kwenye plastiki yake, akaitundika sebuleni, akapanda kiti mwenyewe akakivisha kidude cha darini kofia, akaniambia kwa Kiingereza nina nusu saa na bonge moja. Nikatia bonge moja. Siku ya pili mlangoni akaupekua mkoba wangu mbele ya watu, akaniachia daftari na kalamu, na kunipa tiketi ya kiti cha mwisho wa safu, kilicho mbali kuliko vyote na jukwaa.

Nimeapa, na mashahidi ni nyinyi: nguo nitafukiza nyumbani, na mtoto akiniomba nikae, nitakaa. Siku hiyo nilikaa. Dakika kumi na mbili mikono nimeikalia, sikuandika hata neno. Miungu walipocheka nami nikacheka, pamoja na wengine, wala si kabla yao, na jiwe likasogea.